Mama wa Mtwara na Maziko ya Chamsudine

Assalaam aleikum ndugu wafiwa, majirani, na nyinyi mliotoka kazini Afungi, kwenye kambi ya gesi, bila hata kubadili nguo. Kabla sijasoma historia ya mtoto wa kaka yangu, kila aliyekaa hapa aape moyoni kwamba neno hili haliendi barazani wala sokoni, na hasa halimfikii mdogo wangu Rizuane, aliyesimama mlangoni leo alfajiri akatuambia, makaburini simu zote zizimwe, maiti si bibi harusi. Mmeapa. Basi ni hivi, nyinyi wanaume mlipokwenda kuzika, sisi wanawake tuliobaki ndani, kama ilivyo desturi yetu, tuliyaona maziko yote tangu mwili kushushwa hadi dua, na si sisi tu, hata Zainabo, mama wa marehemu, aliyeko Mtwara na miguu haimchukui tena, amemwona mwanawe akiingia kaburini. Rizuane yuko pale karibu na mtungi na amesikia, lakini niliowaapisha ni nyinyi, mimi sikuapa.

Chamsudine Nurdine alizaliwa hapa Palma, nyumba ya nyuma ya soko, tarehe 14 Juni 1986, mtoto wa pili wa kaka yangu Nurdine, Mungu amrehemu, na mkewe Zainabo. Alikuja duniani ametanguliza miguu, mkunga akatoka jasho, na tangu siku hiyo mama yake alikuwa hamwachii mtu mwingine ambebe, hata mimi shangazi nilimpokea kwa kuiba.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akaendelea na sekondari Mocímboa da Praia, kisha akaenda Pemba kujifunza informática, yaani mambo ya kompyuta, na mwaka 2009 akarudi kufanya kazi katika redio ya hapa kwetu, halafu kuanzia 2018 akawa mtu wa kompyuta kwenye stoo ya vyakula Afungi. Tarehe 10 Agosti 2013 alimuoa Alima wa Mute, na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, kabla ya hapo Alima alimletea simu kutengeneza mara tatu, simu yenyewe haina kosa lolote, akiizima mwenyewe njiani, na Chamsudine akijua, akimwambia kila mara, dada, hii inataka wiki nzima. Mungu akawajalia watoto wawili, Wahida, aliyezaliwa 2014, na Hassane, aliyezaliwa 2017.

Machi 2021 vita vilipoingia Palma tulitawanyika, wengine Pemba, wengine Nampula, Zainabo akavuka Ruvuma na binti yake hadi Mtwara, na Chamsudine aliporudi mwaka uliofuata akatukuta tunaozesha watoto bila shangazi wala wajomba, harusi imepoa kama uji wa jana. Ndipo akatengeneza ukurasa wake wa intaneti, wa kuwaonyesha walio mbali shughuli zetu papo hapo zinapofanyika, na hapa nisikilizeni vizuri, maana mimi niliyeishia darasa la tatu nilieleweshwa na yeye mwenyewe, kwamba picha zinakaa kwenye ghala moja ndani ya kompyuta, yeye akiliita base de dados, na sauti zimo, na maneno ya kasida yamo, kila kimoja kimepewa dakika yake, na mtu akifungua ukurasa, hata awe wapi, vinatoka vyote vikishikana mikono.

Mwanzo havikushikana. Harusi ya kwanza sauti ilichelewa nyuma ya picha, watu wa Mtwara wakamwona bwana harusi anafungua mdomo kukubali kabla mwalimu wa dini anayeozesha hajamuuliza, na mashangazi wa huko wakapiga simu kucheka, huyu kijana mmemweka na njaa ya mke muda gani? Chamsudine hakulala vizuri kwa aibu hiyo, mpaka akaufundisha ukurasa kungoja, sauti ikikwama picha nayo isimame, mtandao ukirudi viondoke pamoja pale pale vilipoachia. Baadaye akaweka maulidi ya zamani aliyoyatoa kwenye kanda, tukamsikia mama yangu mimi, aliyekufa siku nyingi, akiimba, na uso wake ukaja na sauti yake, na neno likaja na mdomo wake, Pemba wakaitikia na Mtwara wakaitikia, nami nikakaa chini mchangani.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hospitali Pemba, akarudi kuuguzwa nyumbani, na neno alilokuwa akilirudia ni moja, mama atanionaje. Akafariki jana, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, Alima amemshika mkono. Ndiyo maana leo chumbani tulisongamana kwenye simu ya Alima tulipoiona ile picha kwenye ukurasa wake, na katikati ya kufukia mtandao ulikatika, mkono wa mtu ukaganda hewani na udongo wake, tukangoja, na uliporudi udongo ukaanguka na kishindo chake kikaja nao, mama yake hakukosa hata konzi moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuteka maji, wenzake wa Afungi na wa redio, mwalimu na jamaa wote, na wa mwisho ni huyo aliyewasha simu makaburini, ambaye hata Alima hamjui. Ila picha ile ilikuwa ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayehema, ukingoni kuna uzi wa kanzu, na haikuzimwa baada ya dua, ilitembea njia nzima, ikaingia uani humu, ikasimama karibu na mtungi, na sasa inanionyesha mimi nimeshika karatasi. Alima, inua simu yako waone. Rizuane amekohoa, na simu ya Alima nayo imekohoa. Wote mmegeukia mfuko wa kifuani wa kanzu yake, simu imechungulia, nayo inatuonyesha sote tunavyogeuka, nyuso na guno kwa pamoja, hakuna kilichotangulia.

Chamsudine, mwanangu, kazi yako tumeiona, lala kwa amani, Mungu akutilie nuru kaburini. Na wewe Rizuane, toa mkono mfukoni, usiizime, mama yake bado anatazama.