Fundi Kisogo, Kinyozi Aliyewanoa Waombaji wa Ufadhili

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, mtoto wa pili wa fundi mwashi na mwuguzi wa zahanati. Aliyemtangulia ni kaka yake, ambaye wengi hapa tunamwita Baba Mkubwa. Aliyemfuata ni dada yake, muuza magodoro, aliyeyaandika maneno haya. Jina la Fundi Kisogo alibandikwa na wateja, na chanzo ni mdomo wake mwenyewe. Alipenda kusema: "Usoni kila mtu hujikagua. Kisogo unamwachia mwenzako. Kwa hiyo fundi mpime kwa kisogo."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1984, akiwa na alama za kumpeleka mbele. Mwaka huohuo baba yao alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Kaka alikwisha kuanza kazi mji mwingine, dada alikuwa bado mdogo, na wakubwa wakakaa kikao wakaamua kwamba yeye abaki nyumbani amhudumie mzee. Alibaki. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamnyoa. Majirani walipoona mgonjwa ana ndevu zilizochongwa kumshinda bwana harusi, wakaanza kuleta vichwa vyao. Kazi hakuitafuta, ilimkuta na wembe mkononi.

Mwaka 1991 alifungua saluni yake, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la dawa na mshonaji wa sare za shule. Kiti kimoja, kioo kirefu, benchi la wanaosubiri, na redio iliyopandisha na kushusha sauti kwa hiari yake. Hakuwa mtu wa kupunjwa. Mteja akililia bei, alimjibu: "Sawa, nakunyoa nusu. Upande wa pili rudi mwisho wa mwezi."

Aliyemweza ni yule mshonaji wa jirani. Fundi alimpelekea kitambaa amshonee shuka za kufunikia wateja, akaanza kuvutana naye bei kama kawaida yake. Yule dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Bei yako nimeikubali. Ni ya kushona bila uzi." Siku ya pili Fundi akarudi na suruali nzima kabisa, akidai kwamba itatoboka karibuni. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995, wakajaliwa watoto wawili: wa kiume, ambaye ni fundi wa majokofu, na binti kitindamimba, ambaye kwa ubishi wake tulimwita Wakili hata kabla hajang'oka meno ya utoto.

Sasa tufike kwenye jambo lililowaleta wengi wenu hapa. Siku moja kijana aliyemaliza sekondari alikuja kunyolewa ili akapige picha ya pasipoti. Akasema aliomba ufadhili kamili wa shahada ya kwanza nje ya nchi, akafika mpaka mahojiano ya video, akakataliwa, na sasa anajaribu tena.

"Walikuuliza nini?"

"Kwa nini nataka kusoma."

"Hebu nijibu mimi."

Kijana akajibu huku ameinama, kama sote tulivyofundishwa kufanya mbele ya wakubwa. Fundi akazima mashine, akachukua wembe. "Mwanangu, unaongea na magoti yako. Hayo magoti ndiyo yatakayokusomesha?"

"Ni adabu, Fundi."

"Kwangu mimi ni adabu. Wale hawakujui. Wakiona mtu ameinama watadhani ameiba kitu. Inua kichwa, tazama kioo, jibu tena. Na usitikisike, nina wembe."

Kijana yule alipita. Akaja mwingine, akaja na dada yake, na benchi likajaa watu wasiohitaji kunyolewa. Fundi hakujifanya mwalimu. Maswali aliyapata kwao wenyewe: kila aliyetoka kwenye mahojiano ilimlazimu apite saluni ayaache pale, ili wanaofuata wayakute. Aliwafunga shuka shingoni wasichezee vidole, akawaweka mbele ya kioo, akawauliza huku kitana kinatembea kichwani. Na insha zao alitaka asomewe kwa sauti. Nyingi zilianza kwa paa linalovuja na kuishia kwa machozi. "Usiniuzie njaa," alikuwa akisema. "Njaa hata yule mwenzako wa kwenye foleni anayo. Niuzie utakachofanya ukishiba." Na aliyekuja akisema kuna wakala anataka ada ya kumtafutia nafasi, alimpokonya simu kabla hajamaliza sentensi. "Mfadhili gani anaomba kufadhiliwa?"

Tarehe 20 Septemba mwaka jana madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho. Alirudi saluni akamaliza kichwa alichokiacha nusu. Wakati huo Wakili alikuwa ameshatuma maombi yake ya kusomea uhandisi wa maji, na mwezi Machi akaitwa kwenye mahojiano. Baba yake alikuwa haviwezi tena viatu. Binti akasema anaahirisha.

"Unaahirisha nini? Mimi ndiye ninayehojiwa?"

"Baba, siwezi kuongea nao na wewe uko hivi."

"Basi nipelekeni. Uongee nao niko hivi."

Tukambeba. Wakili alikaa kwenye kiti cha wateja, simu imebanwa kwenye fremu ya kioo, na Fundi kwenye benchi nyuma yake, amefungwa blanketi. Katikati ya maswali mama mmoja wa kamati akauliza ni nani yule anayeonekana nyuma. Wakili hakugeuka wala hakuinama. "Ni baba yangu," akasema. "Anaumwa sana. Nilitaka kuahirisha, amenikatalia." Yule mama akasema amsalimie. Fundi akainua mkono kutoka ndani ya blanketi.

Jibu lilikuja tarehe 6 Mei, naye akalisikia kwa masikio yake: ada, malazi, chakula, bima na tiketi. Sisi tulilia. Yeye akauliza: "Na koti?"

"Koti gani, Baba?"

"Kule baridi. Bei ya kwanza siyo bei. Waulize koti."

Wakili aliona aibu, akabisha, akashindwa, akaandika. Wakamjibu kwamba posho ya nguo za baridi ipo kwa anayeiomba. Kwa siku ile nzima mgonjwa hakulalamika maumivu.

Lakini furaha haikukaa bila mgeni. Kikao cha familia kilipokaa, Baba Mkubwa alisema kile ambacho wengi walikiwaza: mama atabaki na nani? Mtoto wa kike anapandaje ndege na nyumba imo kwenye hali hii? Mke wa marehemu akajibu kwamba yeye ana cherehani, ana macho, na hajaomba mlinzi. Baba Mkubwa hakutulia. "Wewe mwenyewe ulibaki na mzee," akamwambia mdogo wake. "Ulikufa njaa?"

Fundi alijibu akiwa amelala. "Sikufa njaa, kaka. Lakini uliwahi kuniuliza?"

Kikao kiliahirishwa. Wakili akaanza kukunja nguo alizokuwa ameziandaa na kuzirudisha kabatini moja moja, bila kubishana na mtu, na hilo ndilo lililomtisha baba yake kuliko ugonjwa.

Wiki ya mwisho Baba Mkubwa alikuja peke yake. Alikuta ndevu za mdogo wake zimeota ovyo, na yeye maishani mwake hajawahi kumnyoa mtu. Akaomba maji ya vuguvugu na wembe. Ilichukua muda mrefu, na Fundi akimkosoa kwa macho tu. Alipofika kwenye kidevu, Baba Mkubwa akauliza, kwa sauti iliyosikika mpaka barazani: "Hivi, wewe ulitaka kusoma nini?"

"Jiografia," Fundi akasema.

Baba Mkubwa akaosha wembe, akaukausha, akatoka nje. Akamkuta Wakili kwenye ngazi, akamwambia: "Rudisha nguo kwenye begi. Uwanja wa ndege nitakupeleka mimi."

Fundi Kisogo alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 11 Agosti, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkewe.

Dada yake amekaa sokoni miaka mingi, na anajua kwamba mnunuzi huweza kubadili nia akifika mlangoni. Ndiyo maana yafuatayo yamechapwa, na yanasomwa mbele yenu nyote, na Baba Mkubwa akiwa amesimama hapa mbele.

Marehemu ameacha mke, mshonaji, ambaye wifi yake muuza magodoro anahamia kwake Jumamosi hii kwa ridhaa yake, kaka mmoja na dada mmoja, mwana, fundi wa majokofu, na mkewe, wajukuu wawili, vijana waliopita kwenye kiti chake, walioko mbali na waliorudi, na binti, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa kwanza, uhandisi wa maji, anayeondoka tarehe 29 Agosti.

Umechoka, Fundi. Mungu akupe usingizi mtulivu.