Foleni ya Mama Milembe

Mama Milembe Sayi anastaafu tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, kumi na minane kati yake katika kliniki yetu ya mama na mtoto hapa Bariadi. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wengine. Walioniomba hawakujua kwamba sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nikimwonea wivu.

Alianza mwaka 1963 akiwa mhudumu wa wodi, kazi yake kufua mashuka na kumwaga mabeseni. Mwaka 1978 alipelekwa kozi ya afya ya mama na mtoto, akarudi na cheti na sufuria ndogo ya kufundishia. Mimi nilikuja mwaka 1984 na cheti kikubwa zaidi, pamoja na picha za rangi za kubandika ukutani. Akina mama walizitazama picha zangu wakiwa kwenye foleni yake.

Aliwafundisha kwa Kisukuma huku akipika mbele yao: uji wa mtama wenye karanga zilizotwangwa, dagaa wa kusagwa, majani ya maboga. Mtoto ale kidogo kidogo mara nyingi, anyonye hadi miaka miwili, na mikono ioshwe kabla ya kushika kijiko. Nami niliyasema hayohayo. Yakitoka kwangu, walisinzia.

Ilipokuja ruksa ya biashara huria, maduka ya mjini yalijaa maziwa ya kopo, chupa za kunyonyeshea na dawa za kila rangi. Mama Milembe akawa anakwenda gulioni kuwasihi wanawake wasiache kunyonyesha. Mwaka 1990 alisifiwa mbele ya wafanyakazi wote. Wiki iliyofuata nilimwandikia mkuu wa kituo barua isiyo na jina, nikidai kwamba anafundisha kienyeji. Akahamishiwa stoo kutunza mablanketi. Akina mama wakamfuata hukohuko.

Februari 1991 binti yangu Kabula, wa miezi kumi, alianza kuharisha. Mimi ndiye niliyemnunulia maziwa ya kopo, nikijiona baba wa kisasa. Maji ya chumvi na sukari niliyajua vizuri, lakini kwangu yalikuwa mafundisho ya Mama Milembe, nikayaruka na kuleta dawa ya dukani. Siku ya pili macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Niliporudi mchana nyumba ilikuwa tupu. Niliwakuta stoo: mke wangu Gloria amekaa juu ya marobota, Kabula mapajani, na Mama Milembe anamnywesha.

Alikuwa amechanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akanikabidhi kijiko.

"Baba Kabula, kaa hapa. Kimoja kimoja, usiharakishe. Akitapika, subiri kidogo, uanze tena. Saa kumi ikifika hajakojoa, tunampeleka wodini."

Nilikaa, nikampakata mtoto. Kabula alimtazama Mama Milembe, si mimi, na hata saa ile wivu ulinichoma. Kabla ya saa kumi alilowesha suruali yangu ya kazi, kisha akalitafuta ziwa la mama yake.

Kesho yake nilikwenda kushukuru, nikamwambia kwamba barua ile ilikuwa yangu. Aliendelea kukunja blanketi.

"Nilijua," alisema. "Hapa nani mwingine ana mwandiko mzuri hivyo?"

Nikaandika barua ya pili, safari hii kwa jina langu, na Machi alirudi mezani kwake.

Kuanzia Jumatatu meza hiyo ni yangu. Juzi nilimweleza mama mmoja aliyetoka Nyalikungu kwamba sasa atahudumiwa nami. Akauliza Mama Milembe anahamia wapi.

Anahamia Kiloleli, kulima mpunga. Asante, Mayu, mama yetu, kwa watoto wote uliotuokolea, akiwemo mmoja atakayeanza shule Januari. Afya yako iwe njema na mpunga wako uzae vizuri. Majirani zako wa huko nimeshaanza kuwaonea wivu.

Selestini Masunga