Bafta ya Manchester

Huko Omani, ukitoka Nizwa ukateremka Firq, nyuma ya gereji za tairi, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya. Hapo ndipo wanapokutana baada ya laasiri watu wa Kiswahili wa mtaa ule, wa Unguja na wa Bara, na kila siku hutengeneza dunia na kuivunja kwa dele moja la kahawa. Siku hiyo dunia ilipumzishwa. Marzouq, fundi mstaafu, wao humwita Spana, alikuja uso umemshuka, akasema kaka yake Nasr amekufa alfajiri huko Manchester. Aliyempigia simu ni jirani wa marehemu, bibi wa Kiingereza. Nasr alitoka Unguja kijana, akaishia huko, hakuoa, na hapo benchini hakuna mwengine aliyewahi kumtia machoni. Wenzake wakakosa la kusema juu ya mtu, basi wakasema juu ya mji.

— Ahsana Llahu azaak, Mungu akupe subira, Spana, alianza Khalaf, waliyempa jina la Redio kwa sababu hazimiki. Lakini nduguyo hakufia pahala pa ovyo. Manchester, ya akhi! Treni za abiria za mwanzo kabisa, zikenda baina yake na Liverpool.

— Treni kitu gani? alidakia Hazim, mzaliwa wa Tabora. Kompyuta je? Ile ya kwanza kuweka programu yake tumboni mwake, wameiwasha wao. Hiyo simu yako ni kitukuu chake.

— Na atomu! alirudi Redio. Wao ndo walioichungulia ndani.

— Na Mzungu akichungulia kitu, kitu hicho kishapata msiba, alisema Jamaldini, Kocha wao, huku akimimina kahawa. Mie najua mpira tu. Kule mtoto akizaliwa huulizwa timu kabla ya jina.

Marzouq alikuwa akinywa bila kuonja. Mtu akitosheka hutikisa finjani, naye hapewi tena. Yeye hakutikisa, na Kocha akawa anamjazia tu. Aliwaacha waseme. Wakisema mji, hakuna atakayemuuliza Nasr alikuwa mtu wa namna gani, na jibu lenyewe alikuwa hana. Alikuwa na sauti ya simu ya kila Idi, Kiswahili cha kijana wa Mkunazini, Unguja, kisichozeeka kwa kukosa wa kusema naye. Nasr akilalamika mvua haikatiki, yeye humwambia tuletee huku mifereji ya falaji imekauka, wakacheka, simu ikakatwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa udugu wao, na yalimuuma kwa uchache wake.

— Skizeni, Redio alipandisha sauti. Kubwa kuliko yote ni nguo. Mji wa pamba, na hauoti hata mche mmoja wa pamba! Pamba ikichumwa na watumwa huko Amerika, ikifumwa Manchester, ikiletwa Unguja. Ndo wahenga wakasema, penye miti hapana wajenzi.

— Hiyo umeisimamisha kichwa chini, miguu juu, alisema Kocha.

— Nyamaza weye! Kanga za bibi zetu zikipigwa chapa kule. Na bafta? Sanda za wazee wetu wote ni bafta ya Manchester. Wallahi, bila ya mji ule Unguja nzima ingezikwa uchi!

— Wangetiwa majani ya mgomba, alisema Hazim.

— Basi ndo nakwambia! Wazee wetu wote wamezikwa ndani ya Manchester. Nasr kaifata kiwandani kwenyewe.

Kocha alicheka, kisha akajiona anacheka peke yake.

— Tena wahenga wamesema, alijaribu Hazim kufariji, mkataa kwao mtumwa.

— Hazim! alimkemea Kocha.

— Nini? Si maana yake mtu mchapakazi?

— Hakukataa kwao, alisema Marzouq. Alikuwa hajui kwao ndo wapi.

Kocha akamjazia tena finjani.

— Na mazishi? aliuliza Kocha.

— Kesho. Yule bibi kasema kila kitu kishashughulikiwa. Nami nikamshukuru.

Mtu mmoja wa makamo alikuwa amesimama akisubiri tairi izibwe. Aliitwa Mudrick, dereva wa nyumba moja ya Nizwa, mgeni kutoka Tanga. Akasogea.

— Shikamooni, wazee. Poleni na msiba. Samahani, huyo marehemu, nani anamwosha?

Redio akazimika.

— Misikiti iko tele kule, alisema Kocha.

— Sawa, lakini wana habari? Huyo bibi anajua kuwa marehemu Muislamu?

Marzouq aliweka finjani chini. Alikuwa hajauliza. Aliambiwa kila kitu, akaridhika na kila kitu.

— Mpigie sasa hivi, alisema Hazim.

— Kukosha maiti kwa Kiingereza ndo nini? aliuliza Marzouq.

Wote wakamgeukia Redio, mwenye treni na atomu. Redio alikuna ndevu.

— Sema wosh.

— Wosh? Kama gari?

— Wenzetu neno ndo hilo hilo. Gari, sahani, mtu.

Simu ikaita, yule bibi akapokea. Marzouq akamwuliza kwa Kiingereza chake cha gereji, neno baada ya neno: ndugu yangu, wosh, nani? Sauti ya kizee ikajibu taratibu, kwa huruma, ikaeleza kirefu, ikaaga. Marzouq akaiweka simu juu ya goti.

— Kasemaje? aliuliza Mudrick.

— Kasema nisiwe na wasiwasi. Kazifua mwenyewe. Nguo zote, na pasi kazipiga.