Uso wa Orrin Haldorsen, Aliyekuwa Zimwi

Marehemu Orrin Haldorsen alizaliwa tarehe 9 Machi 1901, Fergus Falls, Minnesota, mtoto wa pili wa seremala. Alisoma hadi darasa la nane. Alikuwa mrefu mno, hata katika picha ya shule mpiga picha alimkata kichwa.

Mwaka 1924 alikuja Hollywood, akabeba mbao za kujengea mandhari za filamu. Mwigizaji wa filamu ya kwanza ya zimwi alipokataa kurudi, studio ilitafuta mtu wa kuenewa na nguo zilizokwisha kushonwa. Zilimkaa Orrin. Akawa zimwi katika filamu ya pili, ya tatu na ya nne. Alizama topeni, akaungua ghalani, akafukiwa na theluji, na kila mara watazamaji walidai afufuliwe. Kazi aliipenda. Kilichomuuma ni kwamba hakuna mtazamaji aliyewahi kuiona sura yake halisi.

Hata Nettie Pruitt, aliyemhudumia katika mgahawa wa studio, alimjua kwa rangi na gundi za zimwi tu. Wengine walimkwepa, yeye alikaa naye, akimshikia mrija wa supu. Siku upigaji filamu ulipokwisha, Orrin alikuja amenawa.

“Kaka, hapa pa waigizaji tu.”

“Nettie, ni mimi. Zimwi.”

“Na mimi malkia wa Uingereza. Haya, toka.”

Ikabidi angurume. Nettie alicheka mpaka akakaa chini. Walioana tarehe 22 Juni 1935. Alipoulizwa kama haogopi, bibi harusi alijibu, “Zimwi likujualo halikuli likakwisha.”

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 1949. Studio ilimwita kwa filamu ya tano.

“Utaenda, Baba?” bintiye Lorna alimuuliza.

“Wakinipa nafasi ya uso wangu, mwanangu. Hata ya tarishi anayepita tu.”

Walimjibu kwa adabu kwamba uso huo haujulikani. Jibu hilo lilimuumiza sana. Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 1950, mkono wake ukiwa mikononi mwa Nettie.

Juzi studio ilileta picha nzuri ya zimwi kwa ajili ya jalada la ratiba hii ya mazishi. Nettie aliwashukuru, akawarudishia.

Marehemu ameacha mjane, Nettie, binti, Lorna, na dada yake, Inga.

Jeneza liko wazi. Mjane anaomba mkipita kumuaga msiharakishe. Mtazameni usoni. Ndiye huyu.

Mungu amlaze pema, Orrin wetu.