Nani Aliifungua Barua ya Kiriba

Benchi letu la Mwisenge lina msumari. Uko upande wa kushoto, karibu na ukuta wa duka, na anayechelewa kuamka ndiye anayeukalia. Miaka mitatu tunaulalamikia kila asubuhi, na kati yetu yumo fundi mwenye nyundo. Mimi wananiita Transiti, kwa sababu niliendesha malori mpaka Lubumbashi na Bujumbura, nikarudi Musoma na kitambi na hadithi, na hadithi zenyewe zimeshaisha. Wengine ni Machibya, fundi wa televisheni, tunamwita Antena. Masatu wa bodaboda, tunamwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Na mzee Yakobo, aliyekuwa katibu wa chama cha wakulima wa pamba kule Bunda. Huyo tunamwita Katibu, na hajawahi kuiweka methali mahali pake. Kahawa anatumiminia Petronila. Asubuhi hiyo alikuwa anamimina bila kuongea, na wote tulijua kwa nini. Tamthilia yake ilikuwa imesimamishwa.

Nasema yake kwa sababu alicheza humo. Mwaka jana watu wa kamera walikuja mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wakamchukua Petronila awe muuza dagaa. Tamthilia yenyewe inaitwa Barua ya Kiriba, ilikuwa kila Jumatano saa tatu usiku. Zimeoneshwa sehemu sita. Ya saba haikuja, pahali pake wakaweka mapishi.

— Mapishi ya nini? aliuliza Breki, akijisogeza kuukwepa msumari.

— Ya keki, alisema Petronila. Mtu anaingiza keki kwenye oveni, halafu wote tunaisubiri.

— Vipindi vipya ndivyo vilivyo, alisema Antena. Ni kama vifaranga. Wanatotolewa kumi, mwewe anaondoka na tisa, wa kumi anakanyagwa na ng'ombe.

— Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Katibu. Sehemu ya pili walileta mgeni, mwenyeji akapona, hadithi ikakosa mgonjwa.

— Sehemu ya pili haina mgeni, baba, alisema Petronila.

— Alikuwa njiani.

Breki aliweka kikombe chini.

— Mimi nawaambia ni yule kijana mkuu. Hajui kupanda pikipiki. Watu wa Mara wakimwona mtu anapanda pikipiki kama anapanda ngazi, wanazimaga.

— Hakuna pikipiki humo, alisema Petronila.

— Si ndiyo nasema? Tamthilia gani ya Musoma haina pikipiki?

Nikaona zamu yangu imefika. Nikawaambia kwamba nilipokuwa Lubumbashi niliona tamthilia ikifutwa kwa sababu mchezaji mkuu alimwoa kweli yule aliyetakiwa kumwekea sumu.

— Lubumbashi uliangalia wapi? aliuliza Antena.

— Ndani ya lori.

— Lori lina televisheni?

— Nilihadithiwa na turniboi, utingo wangu.

— Haya, sikieni jambo la kitaalamu, alisema Antena, na akainamisha kichwa kama tunavyofanya tukitaka kudanganya. Ndani ya kisimbuzi kuna kitu kinawaambia wenye kituo nani anaangalia. Wanajua hata Katibu amevaa nini akiwa sebuleni.

— Basi wanisamehe, alisema Katibu. Lakini wewe umeona jani, mimi naona mti. Hawa ni watu wa ngano. Wameona tamthilia imejaa watu wanakula ugali wa mihogo kwa samaki furu. Wakafikiri, wiki kumi za hivi, nchi nzima itaacha mkate. Ndiyo ikaletwa keki. Apendaye chongo huita kengeza.

— Hiyo methali imeingiaje hapo, baba? aliuliza Petronila.

— Imeingia yenyewe.

Tulikuwa bado tunaitoa nje ile methali alipofika binti mmoja na begi mgongoni na karatasi mkononi. Akatuamkia mmojammoja, hata Breki, ambaye si mkubwa wa kuamkiwa na akaitika kwa sauti nzito. Akasema anaitwa Prudence, anatoka kwa wale waliotengeneza Barua ya Kiriba. Petronila akampa kiti cha plastiki.

— Nawatafuta watazamaji, alisema Prudence. Juzi nilikuwa Butiama, jana Bunda. Nikikusanya wa kutosha mkoa huu, tunawarudia wenye kituo kuomba sehemu zilizobaki zioneshwe. Mwenye duka kaniambia hakuna mahali tamthilia inajadiliwa kama kwenye benchi hili.

Petronila alilitua birika. Sijawahi kumwona analitua likiwa na kahawa.

— Umefika, mwanangu, alisema Katibu. Tuandike wote.

— Asante, baba. Swali ni moja tu. Sehemu ya sita iliishiaje?

Mbuzi alipita. Tukamwangalia mpaka akakata kona.

— Mimi, alianza Antena, fundi hanaga televisheni nzima. Yangu iko wazi mgongoni tangu Pasaka. Nikitaka kuifunga, wananiletea nyingine, naazima spea kwenye yangu.

— Mimi wajukuu wanang'ata betri za rimoti ili zipate nguvu, alisema Katibu. Jumatano hiyo waling'ata mpaka zikafa. Tukabaki kwenye chaneli ya kwaya.

— Na sehemu ya tano, baba?

— Kwaya hiyohiyo.

— Kifurushi changu kiliisha, alisema Breki.

— Wiki gani, kaka?

— Kabla ya sehemu ya kwanza.

Ikabaki mimi. Nikasema ukweli, kwa kuwa uongo wote ulikuwa umeshachukuliwa: saa tatu mimi huwa nimelala kwenye kochi mdomo wazi, na mke wangu ananizima pamoja na televisheni.

Petronila alinigeukia taratibu.

— Transiti. Si ulisema uliniona? Mwezi uliopita, hapahapa. Ukasema, Petro, jana nimekuona, kile kitenge cha njano kimekukaa.

Prudence akapekua karatasi.

— Mama Petronila yuko sehemu ya tisa, alisema kwa upole, na upole huo ndio uliniumiza.

— Na kitenge ni cha kijani, alisema Petronila. Nilijua palepale. Nikawa nakuongezea kashata kila siku, nione utaendelea mpaka wapi.

— Niliendelea mpaka wapi?

— Mpaka ukasifia viatu.

Nimevuka mipaka mingi na mizigo isiyolingana na karatasi zake, lakini sijawahi kufunguliwa turubai namna ile. Nikamwomba radhi. Akasema radhi ameipokea, kashata zitasimama.

Kisha akamgeukia Prudence.

— Mwanangu, andika. Sehemu ya sita, yule binti Euphrasia anaikuta barua chini ya gunia la mihogo. Imeshafunguliwa. Anaichungulia bahasha, wakakata.

— Nani aliifungua? aliuliza Breki.

— Namjua. Mimi ndiye ninayemtaja, sehemu ya tisa, nikiwa napima dagaa. Maneno sita. Walituomba tusimwambie mtu, na mume wangu sijamwambia. Mwaka mzima nimelala nayo mdomoni, nikisema siku ikifika, Mwisenge yote itashika kichwa. Kumbe hata ingefika, mngekuwa kwenye kwaya.

Prudence aliandika, nikachungulia: Mwisenge, mtazamaji mmoja.

— Mama, mmoja hatoshi, alisema.

— Tutajie basi, Petro, nilisema. Sasa hivi, sote tunasikiliza.

— Hapana. Mtaanza mwanzo kama watu wengine.

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Miaka yote ile tulikuwa hatujawahi kumwona ameketi. Akaanza na mtumbwi unaotia nanga kijijini Kiriba, mzee ndani yake ana kikohozi na bahasha, na upepo unataka vyote viwili. Alimwigiza mzee. Akamwigiza mke wa mzee, mwenye mdomo uliopinda upande mmoja. Akamwigiza hata bata. Katibu alipofungua mdomo na methali, Breki akamwambia, baba, subiri matangazo. Akaja mteja anataka kwenda Nyegina, Breki akamwelekeza kwa mwenzake bila kugeuza shingo.

Kahawa iliisha katikati ya sehemu ya pili. Hatukujua; Antena aliendelea kunywa kutoka kikombe kitupu. Mwisho wa sehemu ya tatu, barua ilipopotea, Prudence mwenyewe, ambaye bila shaka anaijua hadithi yote, alikuwa ameshika shavu.

— Mama, nirekebishe? aliuliza. Niandike wangapi?

Petronila alituangalia mmojammoja, akamalizia na mimi.

— Andika watano. Lakini uwe mkweli, mwanangu. Andika wanne wameanza leo.

Akageukia sehemu ya nne. Ndipo nikaona kwamba Breki amekaa juu ya msumari kabisa, uzito wake wote, na hajasema kitu.