Trekta la Jumapili kwenye Kinanda cha Kerttu

Benchi lenyewe liko nje ya mgahawa wa kituo cha mafuta cha mji mdogo wa Kauhajoki, ukutani, pale jua la Mei linapopiga kabla ya adhuhuri. Wenyewe wanaliita Bungeni. Spika ndiye mwenye ncha ya kulia, maana alikuwa karani wa halmashauri na hajasahau. Dizeli, dereva wa malori mstaafu, ana ncha ya kushoto. Katikati hukaa Ensio, ambaye wenzake wanamwita Kimya. Na katika nchi ambayo watu wote ni wakimya, kupewa jina hilo si mchezo. Kati ya mtu na mtu huachwa nafasi ya kumtosha mwingine, kama ilivyo ada. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto, mikate ya iliki ilikuwa mezani, na ndani ya buti la gari la Ensio kilikuwa kimelala kinanda cha marehemu mkewe, Kerttu, kimefungwa kwa kitambaa cha meza, kikimsubiri mwalimu wa kwaya ya kanisa aje kukichukua.

— Kwa hiyo unakitoa kweli, alisema Dizeli.

— Nimeshaahidi, alijibu Ensio.

— Na Olavi je? Jumapili mtafanya nini?

Ensio alikunywa kahawa. Olavi ni kaka yake, yuko nchi jirani ya Sweden tangu ujana wao, alikwenda kutafuta kazi kiwandani akazeekea huko. Kwa simu walikuwa wakiulizana hali ya hewa, kisha kila mmoja akingoja mwenzake akate. Ni huu mchezo wa shamba kwenye kompyuta uliowarudisha pamoja: kila Jumapili wanaingia humo, mmoja anakata majani, mwingine anayafunga marobota, na saa nzima inapita bila neno wala haja ya neno.

Kisha Ensio akapata kiharusi. Vidole vikawa vizito. Akigusa herufi moja, zinabonyea tatu, trekta linaingia mtoni. Mpwa wake Päivi ndiye aliyekileta kinanda kutoka chumba cha Kerttu, akakiunga kwa waya na kuiwekea kompyuta kijiprogramu. Ukibonyeza kibao cha piano, kompyuta inadhani umebonyeza herufi. Vibao vya piano ni vipana. Trekta likatoka mtoni.

— Kosa la kukitoa ni la shemeji yako, ndugu yake Kerttu, alisema Spika. Nani alimwomba maoni?

— Alisema makaburini, mbele ya watu, alijibu Ensio. Kinanda cha Kerttu, alichofundishia watoto wa mji huu, leo kinaendeshea trekta.

— Si neno la uongo, alisema Dizeli.

— Ndiyo maana linauma, alisema Ensio.

Hapo Spika akaweka kikombe chini, kama mtu anayefungua kikao.

— Tulitazame kisheria. Kile kinanda kimezoea kulima. Mwaka mzima kibao hiki ni mbele, kile ni kushoto, kile ni kushusha jembe. Sasa kikienda kanisani, mazoea yale yanakwenda wapi? Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Dizeli.

— Kinanda hakina ukingo?

— Kina.

— Basi inaingia.

Dizeli akatikisa kichwa.

— Wewe unaogopa kanisa, mimi naogopa Sweden. Fikiria: ibada imeanza, kwaya wanapiga wimbo wa kufungua, wa taratibu. Huko kwa Olavi trekta linawaka lenyewe. Ubeti wa kwanza, limetoka bandani. Ubeti wa pili, limepita katikati ya ngano.

— Na kiitikio?

— Kiitikio, ghala limeanguka! Mtu mzima yuko na chai yake, anaona mali yake inabomolewa na Walutheri.

Ensio alicheka, kicheko cha puani, lakini walikisikia.

— Si hivyo tu, aliendelea Dizeli, sasa moto umekolea. Waya haujui hili ni trekta la mchezo na hili la kweli. Siku moja atapiga mtu wimbo wa arusi, na kila trekta kutoka hapa mpaka Vaasa litaelekea kanisani kwa foleni. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Matrekta yako nguoni mwa nani, wewe?

— Ndiyo hatari yenyewe. Huwezi kujua!

— Päivi anasema kinanda hakikumbuki kitu, alisema Ensio polepole. Kinatuma habari tu, kwamba kibao fulani kimeguswa. Hata sauti hakitumi. Ni kompyuta inayojua kama ni wimbo au ni trekta.

Lilikuwa neno refu kwa Kimya.

— Na mbele ni kibao kipi? aliuliza Spika, kwa upole ambao hakuwa nao enzi za halmashauri.

— Kile chekundu.

Hawakuhitaji kuelezwa. Kerttu alipaka tone la rangi ya kucha kwenye kibao cha katikati, ili watoto wapya wajue pa kuanzia. Mabinti wawili wa Dizeli walianzia hapo. Spika mwenyewe alianzia hapo akiwa na miaka hamsini, akaishia hapohapo.

— Baada ya hospitali, alisema Ensio, ni hicho tu nilichoweza kukipata bila kukitafuta.

Gari dogo la bluu likaegeshwa. Akashuka mwanamke wa makamo ya binti zao, nywele zimefungwa haraka. Ni Tuulia, mwalimu wa kwaya, mgeni mjini tangu Pasaka. Akawasalimu, akapewa kahawa, akasimama nayo, maana benchi lilikuwa limejaa kwa nafasi walizoachiana.

— Mzee Ensio, asante sana kwa kinanda. Nimesikia ulikuwa unakichezea mchezo wa shamba.

— Umeshasikia, alisema Ensio, akatazama viatu vyake.

— Mji mzima umesikia, alisema Dizeli. Sisi tulikuwa tunajadili hatari zake.

— Mimi matrekta siyajui, wazee wangu. Nina swali moja tu. Ukiwa unalima, kinanda kinaimba nini?

Dizeli, ambaye muda si mrefu uliopita alikuwa ameangusha ghala kwa kiitikio, alimgeukia Ensio. Ensio alikaa na mikono magotini.

— Sijui, alisema mwishowe. Sauti niliizima wiki ile ya mazishi. Sikuiwasha tena.

Tuulia hakusema pole. Alizungusha kahawa yake.

— Inawezekana kuiwasha na trekta likaenda vilevile, alisema. Habari moja ya kibao inaweza kufika kotekote, kwenye trekta na kwenye sauti. Wala si kazi ngumu, nitakuonyesha.

Ensio akainuka. Akaenda garini, akafungua buti, akakirekebisha kitambaa cha meza pale kilipokuwa kimefunuka, akafunga buti. Akarudi.

— Jumapili njoo kwangu, alimwambia. Baada ya ibada. Olavi naye asikie.

— Na kwaya? aliuliza Spika, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao.

— Kwaya ina midomo, alisema Dizeli.

Tuulia akacheka, akasema wameimba bila kinanda tangu Pasaka, wataweza mpaka kipatikane kingine.

Dizeli akaenda ndani kuongeza kahawa. Chupa kubwa ya kaunta ikakoroma, ikatoa povu, basi. Aliporudi na vikombe vitupu akamkuta Spika amemsogelea Ensio, kumwachia mwalimu ncha ya benchi, na Ensio anagonga meza kwa kidole chake kizito. Mbele, mbele, kushoto, mbele. Anatua. Mbele tena. Hakuna aliyejua ni wimbo gani, lakini Spika alikuwa ameinamisha sikio karibu kabisa na ubao wa meza.