Tufaa Lenye Jina la Jirani

Arne, zima hiyo redio, bei ya ngano itakuwepo hata kesho. Solveig mwanangu, sogeza kiti uje upande huu wa kushoto, maana huku kulia tangu kiharusi kinipige sina mkono wala sikio, na leo nataka kusikilizwa, siyo kuitikiwa. Nikinyamaza msidhani nimemaliza. Napumua tu.

Mali haina maneno mengi. Shamba ni la Arne, kwa sababu ndiye aliyebaki nalo. Kabati la bluu alilokuja nalo bibi yenu, mama wa baba yenu, kutoka Norwe ni la Solveig, pamoja na kikaango cha chapati za viazi, na Arne usije ukasema kikaango ni cha mkeo. Mkeo alikiazima. Hayo mengine mtaelewana, ninyi siyo watoto. Ninachotaka kusema ni habari ya ule mti.

Ndiyo, ule mti, usitazame dirishani. Nilikusikia wakati wa mavuno ukimwambia mkeo pale jikoni, "Mama akishaondoka naung'oa, trekta jipya halipiti pale." Kiharusi kilichukua sikio moja, Arne, hakikuchukua yote mawili.

Ninyi mmezaliwa mkakuta tufaa linaokwa, linakaushwa, linakaa chini ya nyumba mpaka Krismasi, mnaona ni jambo la kawaida. Sisi tulipofika hapa hapakuwa na tunda la maana, ila vitunda vya porini vya kukunja uso, na kila mche ulioletwa kwa treni kutoka mashariki ulikufa baridi ya kwanza ukabaki fimbo ya kuchapia ng'ombe. Baba yenu akasema atapata tufaa la kukaa hapa hapa au afe akijaribu. Watu walimcheka. Akapanda mbegu safu kwa safu, na kila mwaka baridi ikapita ikichagua, huu ndiyo, huu hapana, mpaka ukabaki mmoja ule, uliosimama hata usiku ule magome ya miti yalipokuwa yanapasuka kama bunduki. Na mimi nilimwagilia mbegu zile, tumbo likiwa mbele yangu, wewe Solveig ukiwa ndani yake. Mimi, siyo mtu mwingine.

Akaufunga kibati kidogo ameandika kwa msumari. Nikamuuliza, "Halvor, umeandika nini?" Akasema, "Namba tu ya mti." Nami nikaamini, maana wakati ule sikujua kusoma. Mnajua nililelewa kwa watu, nikachunga kondoo wao wakati watoto wao wanakwenda shule. Basi nilipokuwa mtu mzima, ninyi mkirudi na vitabu vyenu, nikakaa nanyi mezani, nikaanza a, be, che kama mtoto, na leo nasoma gazeti lote hata matangazo ya mashine, na hakuna anayenisomea kitu. Lakini neno la kwanza kabisa nililolisoma peke yangu, bila mtu kuniwekea kidole, nililisoma nje, kwenye kile kibati. Nilikuwa na furaha. Nikaunganisha herufi moja moja. Te. O. Re. A.

Tora. Jirani. Tora Kvamme wa ng'ambo ya barabara, mwenye shingo ndefu na kicheko cha kusikika mpaka ghalani.

Nilimfuata baba yenu zizini. Nikamwambia, "Namba hiyo ina shingo nzuri." Akajua. Unajua alisemaje? "Mama Solveig, jina lenyewe fupi. Kibati kidogo. Jina lako, Ingebjorg, lingezunguka mti mzima." Akacheka, akitegemea nami nitacheka. Nikamwambia, "Kwa hiyo ungeoa kibati." Sikumpikia siku ile, na siku iliyofuata nikampikia uji bila chumvi.

Sijui kama kulikuwa na kitu kati yao. Naapa sijui, na msiniulize. Ninachojua ni kwamba mwaka ule nilipokuwa kitandani na wewe, Arne, ungali mchanga, alimfundisha yule mwanamke kubebesha mti, kuunga kijiti cha ule mti kwenye mche mwingine, mezani kwangu, kwa kisu cha kwangu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilisikia, "Kata mshazari, Tora. Siyo hivyo. Nipe mkono." Halafu kicheko. Mimi hakuwahi kuniambia nipe mkono. Mimi nilijifunza kwa kuchungulia, nikijikata vidole, na nikaja kuwa hodari kuliko wote wawili, ila hakuna aliyetazama.

Baada ya kumzika baba yenu, watu wakinywa kahawa kanisani, nilimwendea nikamuuliza mbele ya sinia la keki. "Tora, kwa nini wewe?"

Akasema, "Nilimpa mbegu."

"Mbegu gani?"

"Ya tufaa, jamani! Wewe ulidhani ya nini? Nilikula tufaa stesheni, nikafunga mbegu zake kwenye leso, mume wangu akanicheka, Halvor hakunicheka. Basi."

Basi, anasema. Mtu akikupa mbegu unamwambia asante, unampa ndoo ya matufaa yakiiva. Huandiki jina lake uwanjani kwa mkeo, watu wote wa kaunti wakaja mlangoni kwake wanamuuliza, "Mama, Tora ameiva?" Ndivyo walivyoniuliza kila mwisho wa kiangazi. Nami najibu, "Ameiva, mchukueni."

Mti wa kwake, ule aliobebesha mezani kwangu, uliliwa na sungura mpaka mizizi. Akaja Machi moja akiomba vijiti vya kubebesha, akaja na Machi nyingine, "Jirani, vichache tu," na mimi nikamjibu, "Mti umelala, usiusumbue." Sikumpa, na siombi msamaha. Sikumpa yeye, sikumpa mtu, wala ninyi sikuwaruhusu kuugusa kwa kisu. Niliufunga magunia nisije nikaona panya anautafuna, niliurundikia theluji kwa koleo mgongo ukiniuma, nilifukuza kulungu nikiwa na nguo ya kulalia. Watu walisema tazama mjane anavyopenda mti wa mumewe. Haikuwa mapenzi, wanangu. Nilikuwa namlinda mke mwenza asinitoroke.

Nipe maji. Kidogo. Asante.

Sasa mti unakufa. Theluji nzito ya Oktoba imeupasua katikati, Arne umeona, na ndani ni unga wa kahawia. Hautaona kiangazi kingine. Na mkono wangu wa kulia ni huu, nikiuinua unaanguka. Ninyi hamjui kubebesha kwa sababu yangu. Hakuna mti mwingine wa namna ile mahali popote, na mbegu zake hazizai lile lile, baba yenu alizijaribu. Mimi nimelala hapa nikiuliza ni nani anayeweza kuuokoa, nikahesabu watu wote ninaowajua walio hai, na kila nikihesabu nafika kwenye shingo ile ile.

Kwa hiyo fanyeni ninavyosema. Leo, kabla macho ya matawi hayajavimba, kateni vijiti vya mwaka jana, vyembamba kama penseli, kutoka upande ambao haujaoza. Vifungeni kwa kitambaa kibichi, mvizike kwenye theluji ya nyuma ya ghala pasipofika jua, na nyasi juu. Ardhi ikilainika, chimbeni ile miche ya vitufaa vya Siberia iliyojiotea uani, yenye mizizi migumu, ndiyo itakayobeba vijiti. Arne, utamwita Tora. Utakwenda na gari, hutampigia simu. Na akikaa mezani mkae naye wote wawili, mmoja kila upande, mtazame vidole vyake. Akikata, kateni. Akikosoa, nyamazeni. Akisema nipe mkono, mpeni mkono. Chukueni kila kitu anachokijua, msimwachie hata kimoja, ili baba yenu awe amemfundisha yule mwanamke kwa ajili ya watoto wangu.

Miche ya kwanza ni yenu. Mmoja mpeni yeye. Mmoja, Arne, usijifanye mkarimu.

Jina la mti... liacheni. Watu wamezoea.

Mimi nizikeni kushoto kwa Halvor. Makaburi ya kina Kvamme, atakapozikwa Tora, yako upande huo, nataka niwe katikati.

Njooni karibu. Nimechoka. Solveig, shika huu mkono unaosikia. Mungu awape baridi mnayoweza kuibeba. Awape mvua kabla ya ngano kuomba. Msigombane kwa ajili ya vitu vyenye miguu minne, iwe meza, iwe ng'ombe. Na mkipenda watu, waiteni kwa majina yao, kwa sauti, wakiwa hai. Hata kama ni marefu.

Mbwa anabweka nini?

Nani? Tora amekuja mwenyewe? Ana sahani? Najua ana sahani. Keki yake ni kavu, nitakufa na njaa. Mwambie nimelala, Arne.

Ngoja.

Ngoja, mwanangu. Yule hajawahi kuvua buti nyumbani humu tangu baba yenu afe... Anasimama pale pale kwenye mkeka, anasema haja yake, anaondoka. Asiyevua buti hakai, na mimi sijawahi kumwambia vua.

Mwambie avue buti.

Lakini kiti cha baba yenu... kiondoeni kwanza.